Mtoto mwenye usonji anapojigonga kichwa: nini humtuliza, na dawa inafaa lini?

Swali: Daktari, mwanangu wa kiume ana umri wa miaka 5, na mwaka jana ilithibitishwa kwamba ana usonji. Anasema maneno machache sana. Anaweza kuwa ametulia, kisha ghafla anapiga kelele, anajigonga kichwa ukutani na kujing'ata mkono. Usiku halali vizuri. Nimekuwa nikimpa dawa ya maji ya mafua kwa sababu inaleta usingizi, ila mara nyingine ndiyo kwanza anachangamka. Ndugu wananishauri nimwachishe ngano na maziwa, na mmoja amenitumia tangazo la dawa ya kutoa sumu za madini mwilini. Je, ipo dawa ya kumtuliza? Na je, ipo ya kumponya?

Jibu: Mama, nianze na lile lisiloweza kusubiri. Acha kumpa dawa ya mafua kwa ajili ya kumlaza. Dawa nyingi za mafua na mzio za kizazi cha zamani huleta usingizi kwa sababu hupenya hadi kwenye ubongo, lakini kwa baadhi ya watoto hufanya kinyume kabisa: mtoto huchachamaa, hutapatapa, moyo humwenda mbio, na usiku unaharibika kuliko ulivyokuwa. Hicho ndicho ulichokiona alipochangamka badala ya kusinzia. Isitoshe, chupa moja ya dawa ya mafua mara nyingi huwa na dawa mbili au tatu zilizochanganywa, ikiwamo ya kushusha homa, kwa hiyo mzazi anayeongeza kijiko ili usingizi uje huongeza na hizo nyingine bila kukusudia, na dawa ya homa ya aina ya parasetamoli ikizidi huharibu ini. Sikulaumu, maana mzazi aliyekesha usiku baada ya usiku hushika kilicho karibu. Ninachoomba ni kwamba umweleze daktari wake kuwa umekuwa ukimpa dawa hiyo, kiasi gani na kwa muda gani, kabla hajamwandikia nyingine yoyote.

Kuhusu kupona, hakuna dawa, sindano, chakula wala mashine inayouondoa usonji. Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto Leo Kanner alipowaelezea watoto 11 wenye hali hii katika makala yake ya mwaka 1943, alisisitiza kwamba hali yao ilionekana tangu mwanzo wa maisha, na utafiti uliofuata umethibitisha kwamba usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na urithi na huanza kabla mtoto hajazaliwa. Lakini kujigonga kichwa si usonji wenyewe. Wako watoto wengi wenye usonji ambao hawajigongi kamwe, na anayejigonga ana sababu, hata kama hawezi kuitamka. Sababu hiyo ikijulikana, mara nyingi kuna la kufanya. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kitakachomtuliza, tutafute kinachomvuruga.

Mahali pa kwanza pa kutafuta ni mwilini mwake. Mtoto asiyeweza kusema "sikio linauma" hulisema kwa namna nyingine, na kugonga kichwa ni mojawapo. Naomba apimwe masikio, akaguliwe meno hadi magego ya nyuma, na aulizwe habari za tumbo kwa undani. Kufunga choo ni jambo la kawaida sana kwa watoto hawa, kwa sababu wengi wao huchagua vyakula vichache na hunywa maji kidogo, na baadhi hukiogopa choo chenyewe. Usidanganywe na nguo ya ndani iliyochafuka kwa choo chepesi, kwani kinyesi kigumu kilichoziba huweza kuacha majimaji yakipenya pembeni, mzazi akadhani ni kuhara. Kiungulia nacho huwasumbua, hasa yule anayejikunyata au kukunja shingo baada ya kula na anayeamka usiku akilia. Mtoto anayekula aina chache za chakula apimwe pia kiwango cha madini ya chuma, maana upungufu wake huambatana na miguu isiyotulia na usingizi wa mang'amung'amu. Na kwa kuwa kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine, mweleze daktari kama umewahi kumwona akiduwaa ghafla bila kuitika, macho yakikodolea mahali pamoja, au mkono ukirukaruka wenyewe. Nimeona mara kadhaa tabia iliyoitwa "ukali wa usonji" ikiisha baada ya jino bovu kung'olewa.

Mwili ukishakaguliwa, chukua daftari. Kwa wiki mbili hivi, kila anapojigonga, andika mambo matatu tu: nini kilitangulia, alifanya nini hasa, na nini kilifuata. Usiandike "alikuwa mkorofi", kwa sababu neno hilo halitatusaidia. Andika kama hivi: "Jumanne, saa 11 jioni. Nilizima simu aliyokuwa akiitazama, nikamwambia akaoge. Aliziba masikio, akaenda ukutani, akajigonga mara nne. Nilimrudishia simu. Akatulia." Kisha siku nyingine: "Alhamisi, saa 11 na nusu. Wageni wanne sebuleni, televisheni imewashwa, mtoto mchanga analia. Alizunguka chumba akipiga mikono, akavua shati, akajigonga. Nilimpeleka chumbani kwenye giza. Alitulia baada ya muda mrefu." Matukio haya mawili yanafanana kwa macho, lakini yanataka majibu tofauti. La kwanza linatuambia kwamba mabadiliko yalikuja bila taarifa, na kwamba kujigonga kulimrudishia simu, hivyo kesho atajigonga tena. La pili halina kitu alichotaka kupewa: kelele, watu na mwanga vilizidi kiwango ambacho ubongo wake unaweza kuchuja, akazidiwa.

Tofauti hiyo ya kudai na kuzidiwa ndiyo wazazi wengi hawakuelezwa, na wakati mwingine hata sisi wataalamu huipita haraka. Mtoto anayedai kitu huangalia kama unamwona, hujilinda kidogo asiumie sana, na hunyamaza akikipata. Aliyezidiwa hakuangalii, hajali maumivu, na ukimpa hata kile anachokipenda kuliko vyote huenda akakitupa. Kumwadhibu aliyezidiwa ni kumwongezea mzigo uleule uliomwangusha. Kumpa kila kitu anayedai, nako, ni kumfundisha kwamba ukuta ni lugha. Mara nyingi, lakini, tukio huanza kama dai na kuishia katika kuzidiwa, ndiyo maana daftari linafaa kuliko kumbukumbu ya mzazi aliyechoka.

Anapokuwa tayari amezidiwa, kazi yako ni usalama na upungufu: punguza sauti, mwanga, watu, na maneno yako mwenyewe. Wazazi wengi wakati huo huongea zaidi, wakiuliza "nini? unataka nini? acha!", na kila neno ni kelele nyingine ya kuchakatwa. Sema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, kisha nyamaza. Weka mto au kiganja chako kati ya kichwa na ukuta badala ya kumshika kichwa. Kaa karibu, chini ya usawa wa macho yake, upande, usimkabili. Kama anapenda kukumbatiwa kwa nguvu, mkumbatie. Kama hugutuka akiguswa, usimguse. Usimkandamize sakafuni wala kumlaza kifudifudi na kumbana, kwa sababu watoto wamepoteza pumzi na uhai kwa kushikwa hivyo na watu wazima waliokuwa na nia njema. Dhoruba ikipita, mwachie muda wa kupumzika kabla ya kumdai lolote, kwani akidaiwa mapema huweza kurudi palepale.

Vifaa vya kutuliza vina nafasi yake, ingawa vinauzwa kwa ahadi kubwa kuliko uwezo wao. Vifunika masikio vya kupunguza kelele huwasaidia sana baadhi ya watoto mahali penye makelele. Mzoeze kuvivaa akiwa ametulia, vinginevyo navyo vitakuwa kero mpya. Bembea, kuruka, kubeba kitu chenye uzito kiasi au kubanwa kwa mto mkubwa humtuliza mmoja na kumchemsha mwingine, kwa hiyo mtazame mtoto kuliko maelezo ya kwenye boksi. Blanketi zito lilijaribiwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ambapo watoto 67 wenye usonji na matatizo ya usingizi walilitumia kwa zamu na blanketi la kawaida: halikuwaongezea muda wa kulala, ingawa watoto na wazazi wao walilipenda zaidi. Ukilitumia, awe na uwezo wa kulitoa mwenyewe, na lisimfunike kichwa hata mara moja. Ama kuhusu kupiga mikono, kuyumbayumba, kuzungusha vitu au kurudia sauti ileile, viache. Watu wazima wenye usonji wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba hiyo ndiyo njia yao ya kujituliza, na ukimzuia asipige mikono unaweza kumkuta amehamia kichwani. Zuia kinachoumiza tu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingebadilisha nyumba yako zaidi ya chupa yoyote, nalo ni kumpa njia ya kusema. Mtoto wa miaka 5 mwenye maneno machache ana mambo mengi ya kutaka na kukataa, na njia finyu ya kuyapitisha. Mtaalamu wa lugha na usemi anaweza kumwanzishia kadi za picha, kwa mfumo kama ule ambao Andy Bondy na Lori Frost walianza kuuendeleza mwaka 1985, ambapo mtoto hujifunza kumkabidhi mtu picha ya anachokitaka na kukipata papo hapo. Wako watakaotumia ishara za mikono, na wako watakaotumia tableti inayotamka neno linapoguswa. Hofu ya kwamba mtoto akizoea picha hataongea haina msingi katika utafiti. Njia hizi hazizuii usemi, na kwa baadhi ya watoto huusaidia. Wakati unamsubiri mtaalamu, anza na kadi tatu: "imetosha", "nisaidie" na "pumzika". Neno "imetosha" ndilo linaloshindana moja kwa moja na ukuta, na hapa kuna sharti gumu: katika wiki za mwanzo, kila anapoinyoosha kadi hiyo, iheshimu papo hapo, hata kama jambo lilikuwa ndiyo kwanza linaanza. Akishaamini kwamba kadi inafanya kazi, ndipo utaanza kumwambia "moja zaidi, kisha imetosha".

Pamoja na hayo, ipange siku yake ionekane. Picha nne tano zilizobandikwa kwa mfuatano ukutani, au mbili tu za "kwanza" na "kisha", humwambia kinachokuja kwa njia isiyopotea hewani kama maneno. Kabla ya kuzima simu, mwoneshe picha ya kuoga na kipima muda kinachoonekana kikipungua. Na kengele ikilia, zima kweli.

Haya yote hujifunzwa vizuri zaidi mzazi akiongozwa na mtu. Katika jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka 2015, lenye watoto 180 wa umri wa miaka 3 hadi 7 wenye usonji na tabia ngumu, watoto wa wazazi waliofundishwa hatua kwa hatua namna ya kuzizuia na kuzijibu tabia hizo walipata nafuu kubwa kuliko wale ambao wazazi wao walipewa elimu ya jumla kuhusu usonji, ingawa makundi yote mawili yalipata nafuu. Shirika la Afya Duniani nalo limeandaa mafunzo ya walezi yanayoweza kuendeshwa na watu wasio mabingwa, hasa kwa maeneo yenye wataalamu wachache. Ukisikia yapo karibu nawe, jiandikishe.

Utaambiwa pia kuhusu tiba ya mienendo ya saa nyingi kwa wiki, ambayo ilipata umaarufu baada ya mwanasaikolojia Ivar Lovaas kuchapisha matokeo yake mwaka 1987. Katika enzi zake za mwanzo ilitumia adhabu, na watu wazima wengi walioipitia wanaisema vibaya hadi leo. Aina zake mpya zinazofanyika kupitia mchezo na kumfuata mtoto anachokipenda ni tofauti, na zina ushahidi wa kukuza lugha na stadi. Kipimo changu ni rahisi: omba kukaa na kutazama. Kama mtoto analia kwa muda mrefu huku kazi ikiendelea, kama analazimishwa kutazama machoni, au kama mzazi hakubaliwi kuingia, mchukue mwanao uondoke.

Usingizi hauna budi kushughulikiwa mapema, maana mtoto aliyekesha huzidiwa na kidogo. Saa ileile ya kulala, skrini kuzimwa angalau saa moja kabla, chumba chenye giza, na mfuatano uleule wa mambo machache kila usiku. Yakishindikana hayo baada ya kujaribiwa kwa dhati, melatonini, homoni ambayo mwili wenyewe huitengeneza giza linapoingia, ina ushahidi mzuri wa kufupisha muda wa kupata usingizi kwa watoto wenye usonji. Dozi na saa ya kuitumia apange daktari, na atakuambia ni aina gani ya kununua, kwa kuwa baadhi ya zile zinazouzwa kama virutubisho zina kiasi tofauti na kilichoandikwa kwenye chupa.

Na dawa ya kumtuliza? Ipo, kwa maana finyu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha risperidoni mwaka 2006 kwa watoto wenye usonji wa kuanzia miaka 5, na aripiprazoli mwaka 2009 kwa wa kuanzia miaka 6, zote kwa ajili ya ghadhabu kali, yaani ukali kwa wengine, kujiumiza na milipuko mikubwa ya hasira. Hazigusi lugha wala namna mtoto anavyohusiana na watu. Zinachokifanya, zinakifanya kwa nguvu: katika jaribio la mwaka 2002 lenye watoto 101, baada ya wiki 8, asilimia 69 ya waliopewa risperidoni walipata nafuu iliyo dhahiri, dhidi ya asilimia 12 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Lakini katika wiki hizohizo 8, waliotumia dawa waliongezeka uzito kwa wastani wa kilo 2.7, wakati wenzao waliongezeka kilo 0.8. Njaa isiyoisha, usingizi wa mchana, kupanda kwa sukari na mafuta katika damu na mitetemo ya misuli ni madhara ya kufuatiliwa, na risperidoni huweza pia kupandisha homoni inayochochea matiti kutoa maziwa. Ndiyo maana daktari anayezijua atampima uzito, kiuno na damu kabla ya kuanza, ataanza na kiasi kidogo, atataja tabia ipi hasa inalengwa, na ataweka tarehe ya kuamua kama iendelee au ipunguzwe. Asiyetaja hayo, mwulize. Ukiianza, usiikatishe ghafla peke yako.

Kwa mwanao, kwa jinsi ulivyomweleza, ningeanza na uchunguzi wa mwili, daftari, kadi na usingizi kwa wiki kadhaa, na ningeiweka dawa karibu kwa ajili ya hali moja: kama anajiumiza kiasi cha kuvimba au kuvuja damu na hatua hizo zinachelewa kufanya kazi. Hapo kuisubirisha dawa kwa sababu ya kuiogopa si huruma. Dawa za usingizi na wasiwasi za jamii ya diazepamu zisiwe za kumtuliza kila siku, kwani nazo huweza kumvuruga mtoto zaidi na huzoewa haraka. Dawa za sonona zilizotarajiwa kupunguza tabia za kujirudiarudia nazo zilishindwa: citalopramu ilijaribiwa kwa watoto 149 na matokeo yakachapishwa mwaka 2009, haikuizidi dawa ya kuigiza isiyo na dawa ndani yake, ila iliwaongezea watoto uchangamfu wa kupita kiasi na kukosa usingizi.

Ngano na maziwa niyaseme kwa ufupi. Majaribio yaliyofanywa vizuri hayajaonyesha kwamba kuviondoa kunabadilisha usonji, na mtoto ambaye tayari anakula vitu vichache anaweza kupoteza protini na kalisi (kalsiamu) asizoweza kufidia. Kama ana ugonjwa wa matumbo unaosababishwa na ngano au mzio wa maziwa uliothibitishwa kwa vipimo, huo ni ugonjwa mwingine, na atibiwe kwa ajili yake.

Tangazo la kutoa sumu za madini, lifute. Dawa hizo zina matumizi ya kweli kwa mtu aliyethibitika kuwa na sumu ya madini ya risasi, lakini usonji si sumu ya madini, na mwaka 2005 nchini Marekani mtoto wa miaka 5 mwenye usonji alifariki wakati wa tiba hiyo baada ya kalisi kushuka ghafla katika damu yake. Usikubali pia matone ya klorini daioksaidi yanayopewa majina mazuri; ni kemikali ya kung'arishia, nayo huunguza utumbo. Homoni ya sekretini ilisifiwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa habari za watoto wachache, kisha ikashindwa katika jaribio baada ya jaribio, kwa hiyo ukiisikia ikifufuliwa, usiuze chochote kuilipia.

Mwisho ni mambo yasiyosubiri miadi. Akijigonga kisha akatapika mara kwa mara, akasinzia isivyo kawaida, akatoka maji au damu puani au masikioni, au mboni za macho zikawa hazilingani, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana. Akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, tazama saa, na dakika 5 zikipita tafuta msaada wa dharura. Akipoteza maneno aliyokuwa nayo au ustadi aliokuwa ameshaupata, katika umri huu, usiambiwe ni usonji tu: aonwe na daktari wa mishipa ya fahamu ndani ya siku chache. Siku ya miadi ya kawaida, nenda na daftari lako, chupa ya ile dawa ya mafua, na video fupi ya tukio moja uliyoichukua ukiwa umeshahakikisha yuko salama.